Umuhimu: Mdogo

Mwenzangu aliposoma lile neno kwenye kompyuta alicheka. Mimi sikucheka. Tulikuwa katika chumba cha kompyuta cha shule tuliyofundisha hapa Goma, mchana, wanafunzi wamekwisha kwenda kwao, na jenereta ya prefe, yaani mkuu wetu wa shule, ikinguruma nje ya dirisha. Yeye alifundisha Kifaransa, mimi jiografia. Tulikuwa tumepewa mafunzo mafupi na vijana wa mjini waliojitolea kuandika katika ile kamusi elezo kubwa ya mtandaoni, ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuifungua, akaandika, akasahihisha, akafuta. Sisi wawili tulibaki na kazi hiyo hata wengine walipochoka. Mimi niliandika makala ya Kituku, ufuo wa ziwa tulikokuwa tukiteka maji nikiwa mtoto. Yeye aliandika ya Kalengera, kijiji alichozaliwa, kule kwenye barabara kuu ya kaskazini ukishapita Rumangabo.

Aliiandika vizuri. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake nikimsomea ramani. Aliandika barabara, soko, maharage, ndizi, shule, mashamba yanayopakana na mbuga. Alitafuta vyanzo kila mahali, kwa sababu tulikuwa tumefundishwa kwamba sentensi isiyo na chanzo ni kama haijaandikwa. Alipata ripoti moja ya kilimo na tasnifu ya mwanafunzi wa chuo kikuu. Akamaliza, akabonyeza, tukapeana mikono kama watu waliofunga mkataba.

Juma lililofuata tuliifungua. Nyuma ya kila makala kuna ukurasa wa majadiliano, na juu ya ukurasa huo wapimaji huweka kisanduku chenye alama mbili. Ya kwanza ni ubora wa makala. Ya pili ni umuhimu wa jambo lenyewe. Kwenye kisanduku cha Kalengera tulikuta: Ubora, mbegu. Umuhimu, mdogo.

"Kumbe nilizaliwa ndani ya mbegu," alisema mwenzangu, akacheka mpaka akafuta macho.

"Unacheka nini?"

"Sasa nifanye nini, dada? Nilie?"

Neno mbegu sikulichukia. Mbegu ni makala fupi inayongoja kukua, na kweli ilikuwa fupi. Lililonichoma ni lile la pili. Nilikwenda kuangalia aliyeweka alama hiyo. Jina lake la mtandaoni lilikuwa na herufi na namba, halikuniambia kitu. Historia ya kazi yake ilikuwa wazi kwa kila mtu, basi nikaisoma. Mtu huyu alikuwa anapima makala kama mtu anayepiga muhuri: mto wa Siberia, halafu mchezaji wa mpira, halafu sisi, halafu aina ya jibini. Nikaona amepima kijiji kimoja cha mlimani Ulaya, chenye watu wachache kuliko wanafunzi wa shule yetu. Hicho alikipa umuhimu wa kati.

Nikamwandikia kwenye ukurasa wa majadiliano. Nikamuuliza kwa Kifaransa cha adabu, nikisaidiwa na mwenzangu ambaye alikuwa bado anacheka, ni kipimo gani alichotumia.

Alijibu siku ileile, kwa adabu pia. Alisema umuhimu si sifa ya watu wa mahali. Ni makadirio ya jinsi makala itakavyotafutwa na wasomaji. "Tunapima ili tujue nguvu zetu tuzielekeze wapi kwanza," aliandika. "Tafadhali usione kama dharau."

Nilisoma jibu hilo mara nyingi, na kila mara lilinizidishia hasira, kwa sababu lilikuwa na akili. Ningependa angekuwa mjinga. Alichosema ni kwamba wahariri ni wachache na makala ni nyingi, kwa hiyo wachunge kwanza zile zinazosomwa. Na sisi kwa kuwa hatusomwi, nguvu zao hazitafika kwetu. Hilo hakuliandika, lakini ndilo lililokuwa ndani yake.

"Wacha," mwenzangu alisema. "Kijiji kipo. Ata wakisema kidogo, kipo."

Tukaacha.

Kisha mlima wetu wa volkano, ulio juu ya mji, ukalipuka tena. Nasema tena kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa mtoto, na lava ilishuka mpaka katikati ya mji ikala mtaa wetu. Baba yangu, ambaye alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Rutshuru maisha yake yote, alijenga nyumba nyingine palepale juu ya jiwe lilipopoa. Mara hii ya pili alikuwa muzee, miguu inamuuma, lakini mji ulipoamriwa kuhama alikaa kwenye usukani mwenyewe na hakutaka mtu amwendeshe. Alitubeba sisi na majirani mpaka Sake, mji mdogo upande wa magharibi. Mwenzangu alikuwa nasi juu ya mizigo. Lava ilikuwa imekata barabara ya kaskazini, hakuweza kwenda Kalengera kwa mama yake, na simu za huko hazikuwa zinashika.

Tulikaa Sake kwenye ua wa msikiti. Ardhi ilikuwa inatikisika kila saa. Nilipopata mega kidogo za intaneti kwenye simu nilifungua makala ya mlima wetu. Hiyo ilikuwa na umuhimu wa juu kabisa, na ilikuwa inachemka. Watu wa nchi ambazo sijawahi kuziona walikuwa wanaisahihisha dakika kwa dakika. Mmoja alikuwa ameandika kwamba lava imeingia uwanja wa ndege. Si kweli. Sisi tulikuwa tumepita karibu na uwanja asubuhi ile, tukaona lava imesimama kabla ya kuufikia, inatoa moshi, na watoto wanaitupia mawe. Nikasahihisha: lava imesimama kabla ya uwanja wa ndege.

Sentensi yangu ilifutwa hata sijaiweka simu mfukoni. Sababu iliyoandikwa: "Chanzo?"

Nikaandika tena, nikaeleza kwenye majadiliano kwamba mimi ni mkazi, nimepita pale, nimeona kwa macho. Ikafutwa tena. Waliniambia kwa upole kwamba kamusi elezo haipokei ushuhuda wa mtu binafsi, inapokea yaliyochapishwa. Saa za alasiri shirika moja la habari la nje likachapisha kwamba lava imesimama kabla ya uwanja wa ndege. Sentensi ikarudi, karibu maneno yaleyale, na jina la shirika hilo chini yake.

Nilimwonyesha baba. Alisogeza simu mbali na macho yake, akasoma polepole.

"Sasa huyu aliyeandika alikuwa wapi?"

"Mbali, papa."

"Na alijua namna gani?"

"Alipigia simu mtu wa hapa."

"Aa," alisema baba, akanirudishia simu. "Basi mutu wa hapa anasadikiwa akisema kwa mudomo ya mwengine."

Mwenzangu naye, palepale Sake, aliongeza sentensi moja kwenye makala ya Kalengera: kwamba barabara imekatwa na kijiji hakipati bidhaa kutoka mjini. Hakuweka chanzo. Hakuna chanzo kilichokuwapo. Tulingoja ifutwe. Haikufutwa. Hakuna aliyeisahihisha, hakuna aliyeuliza. Siku zile nilifurahi. Nilisema, angalau huko hawatusumbui.

Tulirudi mjini. Njia ikachongwa juu ya lava, malori yakapita tena, mama yake akapatikana mzima. Halafu vita ikaja.

Sitaeleza vita yenyewe. Makala yake ipo, ndefu, umuhimu mkubwa, imejaa majina ya makamanda na miji ya nje walikokutana kuzungumza. Niliyoyaona mimi ni haya: waasi walipochukua vijiji vya barabara ya kaskazini kimoja baada ya kingine, watu waliteremka kwa miguu kuja Goma, na mama wa mwenzangu alikuwa mmoja wao. Alifika na godoro limekunjwa kichwani na jembe mkononi. Nilimuuliza kwa nini jembe. Alisema alikuwa shambani walipoanza kupiga, na hakuwa na mahali pa kuliacha.

Mwenzangu alimweka katika nyumba aliyopanga, vyumba viwili vya mbao. Mama alikuwa mtu wa maneno machache, anaongea Kinyarwanda na binti yake, na kwangu anaongea Kiswahili cha Rutshuru. Kila Jumapili alikwenda kanisani na kitenge kilekile, amekifua Jumamosi.

Mjini hali ilikuwa imebadilika. Kadiri waasi walivyokaribia, ndivyo watu walivyotafuta wa kumwangalia vibaya. Ukiongea Kinyarwanda sokoni, watu wanageuka, kwa kuwa walisema ndiyo lugha ya waasi. Katika chumba cha walimu mwalimu mmoja alisema kitu kuhusu "hawa wageni", akamwona mwenzangu mlangoni, akanyamaza, na hakuomba radhi. Mwenzangu alinywa chai yake yote, akaosha kikombe, akaenda darasani.

Siku moja, mchana, nilikuwa kwake namsaidia kuchagua mchele, mwenye nyumba akaja. Alikuwa mtu mzima, fundi wa kushona, si mtu wa ugomvi. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mwalimu," alisema, "utanisamehe. Mwisho wa mwezi utatafuta nyumba ingine."

"Juu ya nini, papa? Nimekukosea?"

"Haujanikosea. Batu ba avenue, ba mutaa wetu, beko banasema. Shefu wa avenue aliniita. Anasema niko naweka wageni ndani."

"Wageni gani? Mama yangu ametoka Kalengera. Kalengera iko Kongo, papa. Unaijua."

Mtu yule alitoa simu. Aliinyoosha bila kututazama usoni, na nilimhurumia kabla sijajua alichotaka kuonyesha.

"Soma mwenyewe," alisema. "Si mimi niliandika. Iko kwenyi kamusi, ile ya mashule."

Mwenzangu alisoma. Uso wake haukubadilika. Akanipa mimi.

Ilikuwa picha ya makala yake. Makala yake mwenyewe, ile aliyoiandika nikimsomea ramani, na maharage yake na soko lake. Ila katikati, baada ya shule, kulikuwa na sentensi mpya. Ilisema wakazi wa kijiji hicho ni wahamiaji walioingia kutoka nchi jirani miaka ya karibuni, na kwamba wanajulikana kwa kuwapokea waasi.

Mama alikuwa ameketi kwenye godoro, hajui kusoma Kifaransa. Aliuliza binti yake kuna nini. Binti yake akamfasiria. Mama akainuka, akaja mpaka mlangoni, akamwambia yule fundi kwa Kiswahili:

"Mimi nilizaliwa pale. Mama yangu alizaliwa pale, alizikwa pale. Mutu aliyeandika ile, alifika kwetu lini? Nilimupikia nini?"

"Mama, mimi sijue," alisema fundi. "Mimi niko na watoto. Wakichoma nyumba, nitaenda wapi?"

Nilitaka kumpigia kelele, nikashindwa. Alikuwa anaogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Hasira yangu ilikosa mahali pa kukaa pale mlangoni, ikahamia kwingine.

Walihamia kwetu kabla ya mwisho wa mwezi. Baba aliwapa chumba cha mbele bila kuulizwa. Jioni ya kwanza alikaa na yule mama wakazungumza habari za Kalengera ya zamani: wapi malori yalisimama kupoza injini, nani alikuwa anauza ndizi za kuchoma kwenye kona, mvua gani ilibomoa daraja. Walikuta kwamba wamewahi kuonana. Yeye alikuwa msichana akiuza maparachichi, na baba alikuwa kijana anayepiga honi bure. Mwenzangu aliwasikiliza akiwa jikoni, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

Kesho yake niliifungua makala na kuifuta sentensi ile. Niliandika sababu: uongo unaohatarisha watu.

Ikarudishwa. Nilitazama aliyeirudisha. Ni mpimaji wetu yuleyule, mwenye herufi na namba. Aliandika: "Sentensi ina chanzo. Tafadhali usiondoe habari zenye chanzo."

Nikafungua chanzo. Ilikuwa habari ya gazeti moja dogo la mtandaoni, lililoandika kuhusu vita na kueleza vijiji vya njiani. Kalengera walikuwa wameieleza kwa sentensi ileile, neno kwa neno. Nikaisoma mara ya pili. Jina la kijiji lilikuwa limekosewa: Kalegera, bila n. Nikarudi kwenye kamusi elezo. Sentensi ile, na ile peke yake katika makala nzima, ilikuwa imeandika Kalegera.

Nikafungua historia ya ukurasa. Kamusi elezo ile ina jambo moja zuri ambalo siwezi kulinyima sifa: haisahau. Kila herufi iliyowahi kuwekwa imehifadhiwa na saa yake. Nikashuka mpaka nikaikuta. Sentensi ilikuwa imewekwa na mtu asiye na jina, bila chanzo chochote, miezi kadhaa kabla ya gazeti kuandika. Gazeti ndilo lililonakili kutoka kwetu, hata kosa la herufi. Kisha mtu mwingine akaja, akaona sentensi haina chanzo, akatafuta, akakuta gazeti, akaliweka kama ushahidi. Uongo ulitoka kwa mlango wa nyuma, ukavaa koti, ukarudi kwa mlango wa mbele ukipewa kiti.

Miezi yote hiyo hakuna aliyeuona. Mimi niliyeandika neno moja kuhusu uwanja wa ndege nilifutwa papo hapo, kwa sababu mlima una umuhimu wa juu na macho mengi yanauangalia. Sentensi ya kuwafukuzisha watu nyumba ilikaa kimya, ikanenepa, kwa sababu ilikuwa ndani ya mbegu yenye umuhimu mdogo.

Na sisi? Sisi tuliokuwa tunaweza kuiona tulikuwa tumeacha kuifungua. Mwenzangu alikuwa hataki kuona kijiji chake kikiwa kimeandikwa katika wakati uliopo huku mama yake amekuwa mkimbizi mjini. Hilo silioni kuwa kosa lake, wala langu.

Nikaandika yote hayo kwenye ukurasa wa majadiliano wa Kalengera, na viungo, na saa, na lile kosa la herufi. Niliandika vizuri, bila tusi. Nikangoja. Hakuna aliyejibu. Nikaongeza ombi. Kimya. Nikamwandikia mpimaji kwenye ukurasa wake mwenyewe. Ulikuwa na tangazo kwamba yuko likizo.

Mwenzangu alinikuta mezani nimeinama juu ya simu.

"Bado?"

"Bado. Hakuna mutu kule ndani. Ni kama kupiga hodi kwenyi nyumba ya batu waliohama."

"Basi nenda penye kuko batu," alisema.

Nilimtazama. Alikuwa anamaanisha mzaha, lakini mimi niliuchukua mzaha wake. Nilifungua ukurasa wa majadiliano wa mlima wetu, ule wenye macho mengi, nikabandika maelezo yangu yote hapo katikati ya watu waliokuwa wanabishana kuhusu urefu wa kreta. Juu yake niliandika: Kuna familia imefukuzwa nyumbani kwa sababu ya sentensi iliyo katika makala ambayo ninyi mmesema si muhimu. Ninaiweka hapa kwa sababu hapa ndipo mnapoangalia.

Walikuja mara moja. Wa kwanza kufika alikuja kunikemea: ukurasa huu ni wa kujadili mlima, si wa malalamiko mengine. Akayaondoa maneno yangu. Nikayarudisha. Akayaondoa. Nikayarudisha tena, na akaunti yangu ikafungiwa kwa muda kwa kosa la kuvuruga majadiliano. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki uani nikiwa nimefungiwa kama mlevi aliyetolewa kwenye harusi, na nikasema maneno ambayo baba alinitaka niyaseme mbali na wageni wake.

Lakini kulikuwa na mtu aliyesoma kabla hayajaondolewa. Alikuwa mhariri mwanamke, au niseme alijitambulisha hivyo, simjui zaidi. Alifuata viungo vyangu kimoja kimoja. Kwenye ukurasa wa Kalengera aliandika kwa kifupi kwamba ameangalia tarehe, gazeti limenakili kutoka kwenye kamusi elezo, kwa hiyo si chanzo. Akaifuta sentensi. Akaufunga ukurasa ili watu wasio na akaunti wasiuguse. Kazi ile yote haikumchukua hata muda wa kuivisha maharage.

Mpimaji wetu aliporudi likizo aliandika pia. Nanukuu kwa kumbukumbu yangu, nikitafsiri: "Pole kwa usumbufu. Nilirudisha sentensi bila kufungua historia. Kwa makala za umuhimu huu kwa kawaida hatuna muda wa kuangalia kwa kina."

Umuhimu huu. Nilimjibu. Nilimwambia kwamba amenieleza zamani kwamba alama ile si dharau, na kwamba mimi nilikuwa nimekubali kwa shingo upande. Sasa nimejua ni kitu gani. Ni kama kuamua mtaa gani uwe na mlinzi na upi usiwe naye, halafu kuandika uamuzi huo juu ya mlango ili mwizi asipate taabu ya kuuliza. Kisha nikabadilisha alama mwenyewe. Nikaweka: Umuhimu, mkubwa. Kwenye sehemu ya sababu niliandika kwamba watu wanaumia makala hii ikiharibiwa.

Alirudisha mdogo. Alisema madhara si kigezo katika kipimo chao. Nikaweka mkubwa. Wengine wakaingia, wakajadili siku kadhaa, na mwishowe wakakubaliana: wa kati. Wakaniomba niridhike. Sikuridhika. Wale wa kijiji cha Ulaya, waliopata wa kati kwa kuwa na kanisa zuri na theluji, hawakuhitaji kwanza kupoteza nyumba.

Yule fundi nilimpelekea habari. Nilimwonyesha makala ikiwa safi, sentensi haipo. Aliitazama, akatikisa kichwa.

"Nakusadiki, mwalimu. Lakini angalia." Akafungua kundi la simu la mtaa wao. Picha ya zamani ilikuwa bado inazunguka, mtu ameituma tena asubuhi ileile. "Hii nani ataifuta?"

Nilimwuliza kama atawarudisha wapangaji wake. Aliangalia cherehani yake. "Vita ikiisha," alisema.

Mwenzangu na mama yake walikaa kwetu mpaka milio ya risasi ilipofika milima ya karibu. Hapo aliamua kuvuka ziwa kwenda Bukavu, kwa ndugu wa baba yake. Niliwasindikiza Kituku asubuhi, kati ya wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na watu wenye magodoro. Mama alikuwa na jembe lake. Tulisubiri mtumbwi wenye mota ujae, na mwenzangu akanishika mkono.

"Nataka unifanyie kitu kimoja," alisema. "Omba waifute makala yangu. Yote."

"Yote? Ile uliyoandika wewe?"

"Yote. Kama hakuna wa kuichunga, bora isiwepo. Kijiji kitabaki. Maneno yake yasikuwepo."

Nilibishana naye. Nilimwambia wakiifuta, uongo utabaki peke yake kwenye simu za watu, na hakutakuwa na mahali pa kuonyesha ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada," alisema, "wewe unapiga vita yako, na ni muzuri, aksanti. Lakini si wewe batu wanaangalia sokoni. Omba."

Nikaomba. Niliandika ombi rasmi la kufutwa kwa makala, nikieleza kwamba mwandishi wake ndiye anayetaka na kwa nini. Wakajibu kwa haraka kuliko walivyowahi kunijibu jambo lolote. Ombi limekataliwa. Kijiji kinachokaliwa na watu, walisema, kinastahili makala kwa asili yake; thamani yake kwa kamusi elezo haina shaka.

Nilimpigia simu Bukavu nikamsomea jibu hilo. Kisha nikamsikia anacheka, kicheko kilekile cha chumba cha kompyuta, na safari hii nami nikacheka naye, kwa hasira, mpaka baba akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Waasi waliuchukua mji wetu baadaye, na Bukavu pia. Shule ilifungwa, ikafunguliwa. Baba yupo, hatoki sana. Yule mama alifariki Bukavu kwa ugonjwa wa kawaida wa uzee, akazikwa huko, mbali na mama yake. Mwenzangu anafundisha, na makala yake hajaifungua tena tangu siku ya fundi.

Mimi ninaifungua. Nimejiandikisha kuangalia vijiji vyote vya barabara ile, na vya wilaya jirani ya Masisi, kila chenye alama ya mdogo, na nimekuta mambo: mahali pengine wamebadilisha jina la kabila, mahali pengine wameandika kwamba watu fulani hawapo na hawajawahi kuwapo. Na si upande mmoja tu. Kila kundi limetukanwa mahali fulani ambapo hapana mlinzi. Ninafuta, ninaandika sababu, ninaweka chanzo ninapokipata. Wiki iliyopita wapimaji walinialika nijiunge nao rasmi, kwa sababu, walisema, nina ujuzi wa eneo na makala zisizopimwa ni nyingi. Nimewajibu kwamba nitafuta na kusahihisha, lakini alama ile ya pili sitaiweka kwenye kijiji cha mtu yeyote. Bado wanajadili kama hilo linaruhusiwa.